Zimwi, Mumiani na Mchuna Ngozi: Upatanisho wa Majina ya Vitisho katika Katuni za Kiswahili, kwa Kurejelea Mpaka wa Tunduma

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza majina ya viumbe vya kutisha ambavyo wachoraji wa hadithi za katuni za Kiswahili huvichota katika simulizi za jadi. Swali linalotushughulisha ni hili: kwa nini baadhi ya vitisho vya simulizi huchorwa, husomwa na kuchekewa bila madhara, ilhali vingine, jina lake likitajwa tu sokoni, mtu huweza kuuawa kabla ya jua kutua? Dai letu ni kwamba sehemu ya jibu imo katika sarufi, na hasa katika upatanisho unaoliambatana jina hilo katika sentensi.

Mazingira tunayoyarejelea ni Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Mkoa huu unapakana na Zambia kwa upande wa Tunduma na Nakonde, na Malawi kwa upande wa Ileje, ambako Mto Songwe ndio mpaka. Lugha zake za asili, zikiwamo Kinyiha, Kinyamwanga, Kiwanda na Kindali, hazikukatwa na mpaka uliochorwa na wakoloni. Baadhi yake zina wasemaji pande zote mbili. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita Tunduma, na hali kadhalika reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe mwaka 2019 malori huhudumiwa chini ya paa moja. Kwa mwanaisimu, Tunduma ni mahali ambapo neno la Pwani, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900, hukutana uso kwa uso na neno la Kibemba.

2.0 Katuni na wasomaji wake

Neno katuni lenyewe lina uzito wa kipekee katika Kiswahili. Hutumika kwa mchoro mmoja wa gazetini, kwa hadithi nzima ya picha zinazofuatana, na kwa filamu za watoto pia. Utata huu haujawahi kumsumbua msomaji, nasi hatuna haja ya kuuondoa. Hapa tunakusudia hadithi ya picha zinazofuatana, zenye viputo vinavyobeba maneno ya wahusika.

Historia yake nchini Tanzania inajulikana vya kutosha. Chakubanga wa Christian Gregory alianza kuonekana katika gazeti la Uhuru mwaka 1967. Katika miaka ya 1970 lilifuata jarida la Sani, ambalo jina lake ni silabi za mwanzo za majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Humo ndimo walimozoeleka Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wahusika waliohuishwa na kalamu ya Philip Ndunguru hadi alipofariki mwaka 1986. Kingo wa James Gayo ni wa kizazi kilichofuata. Wengi wa wahusika hawa ni wa kuchekesha, na ndiyo maana wahakiki walichelewa kuona kwamba pembeni mwao kulikuwa na mkondo mwingine wa vijitabu na hadithi za mfululizo zenye wachawi, majini na wafu wanaotembea. Mtafiti Mjerumani Jigal Beez ni miongoni mwa wachache waliouandikia mkondo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkondo huohuo uliingia katika filamu za video, na filamu ya Mussa Banzi iitwayo Nsyuka ndiyo inayotajwa zaidi.

Jina hilo linatuhusu, kwani halikutoka Pwani. Katika Kinyakyusa, jirani wa karibu wa Kindali cha Ileje, abasyuka ni wafu wa ukoo, wale ambao Monica Wilson aliwaandikia kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1957. Kitenzi chake kina maana ya kufufuka, na linaelekea kuwa ndugu wa mzuka wa Kiswahili. Lakini tazama yaliyolipata neno hilo njiani. Kijijini abasyuka ni jamaa: huombwa, hulishwa, huulizwa sababu ya ugonjwa wa mtoto. Lilipofika Dar es Salaam limekuwa jina la dubwana. Kilichopotea si maana tu. Umepotea pia wingi, kwani mtu hawi na msyuka mmoja asiye na ukoo. Umepotea na ujamaa uliokuwa ndani ya kiambishi aba-.

Kuhusu wasomaji, jambo moja linatosha. Nakala moja ya jarida husomwa na wengi: kinyozini, gereji, katika nyumba za wageni ambamo madereva husubiri karatasi za forodha. Usomaji wa namna hii ni wa sauti na wa mabishano. Msomaji mmoja huonyesha picha, mwingine hukana kwamba kiumbe cha aina hiyo kipo, wa tatu husema kwao kipo ila kinaitwa vingine. Leo mengi ya haya hufanyika kwa simu, lakini tabia ya kubishania jina imebaki. Shabiki wa katuni za kutisha anajali kama mchoraji amelipata jina sawasawa, na katika hilo anamkaribia sana mtunga kamusi.

3.0 "Nini hicho?" na "Nani yule?"

Inafahamika kwamba katika Kiswahili sanifu majina ya viumbe wenye uhai hupatana kama A-WA hata umbo lake likiwa la ngeli nyingine. Husema kiboko amezama, nyuki wamehama, mtume ametumwa na mitume wametumwa. Majina ya vitisho ndiyo yanayoisumbua kanuni hii, na usumbufu wake una mpango.

Tuanze na zimwi. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi linaongea, linajua, linakula, linaoa hata. Kwa kila kipimo cha maana lina uhai. Hata hivyo sarufi imelishikilia katika LI-YA, pamoja na jitu na dubwana. Nunda, mla watu wa hadithi iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, ni mnyama, naye kwa hiyo yu mbali nasi kwa njia nyingine. Ngano humweka mla watu mahali ambapo msikilizaji hawezi kumfananisha na jirani yake. Mtoto anayesikia likaja, likanusa, likauliza, anapewa onyo kwa kiambishi kwamba huyu si mtu wa mtaani kwao.

Jini huyumba. Katika ushuhuda wa waumini na waganga husikika jini amempanda, hasa jini akiwa na jina na kabila lake; katika hadithi ya kutisha husikika jini likamtokea. Mzimu huyumba vilevile: mizimu imekasirika kwa desturi ya matambiko, lakini mzimu alimfuata hadi mlangoni kwa hadithi ya picha. Msukule ndio unaofundisha zaidi. Umbo lake ni la M-MI, kama mti, na wingi wake ni misukule. Lakini anayeaminiwa kuwa msukule ni mtoto wa fulani aliyezikwa mwaka juzi, na watu husema msukule ameonekana, misukule wanalimishwa usiku. Aliyenyang'anywa utu wake na mchawi amebakiziwa utu katika kitenzi. Huzuni yote ya imani hiyo imo humo.

Katuni huyafanya mambo haya yaonekane kuliko riwaya, kwa sababu kiputo ni kidogo na hakina nafasi ya maelezo. Mifano ifuatayo tumeitunga wenyewe ili kuonyesha kanuni. Katika picha ya kwanza kivuli kinaonekana nyuma ya mgomba, na mhusika anasema: "Nini hicho?" Katika picha ya pili macho yanawaka: "Linakuja!" Katika ya tatu mwanga wa taa unaangukia uso: "Nani... ni wewe?" Viambishi vimepita kutoka KI hadi LI hadi nafsi ya pili, na msomaji amepitishwa pamoja navyo. Hofu kubwa zaidi ya hadithi za aina hii huja pale kitu kinapogeuka kuwa mtu anayejulikana, wala haihitaji meno marefu.

4.0 Mumiani na ndugu zake wa mipakani

Mumiani ni kisa cha neno lililosafiri njia hiyohiyo kwa muda mrefu. Asili yake ni Kiajemi, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa kitu cheusi mfano wa utomvu, kilicholetwa kutoka Uajemi na kutumiwa kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kamusi hiyohiyo inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na kwamba uvumi ukienea kuwa mumiani inatafutwa, watu waliogopa kutoka nje baada ya magharibi. Hapo mumiani bado ni dawa, yaani I-ZI: mumiani inatafutwa. Baadaye jina likahamia kwa anayeitafuta: mumiani wamekuja, mumiani amemchukua. Sauti haikubadilika hata moja. Upatanisho peke yake ndio uliomzaa mwuaji.

Ukivuka Tunduma unalikuta jambo hilohilo limefanywa kwa njia ya wazi zaidi. Huko Zambia, wakati ikiitwa Northern Rhodesia, walioogopwa waliitwa banyama, na Luise White amekusanya habari zao pamoja na za mumiani na chinjachinja katika kitabu chake cha mwaka 2000. Shina ni nyama, neno ambalo kila Mbantu wa eneo hili analifahamu. Kilichofanyika ni kulivisha kiambishi cha watu, ba-. Nyama imewekwa katika ngeli ya binadamu, na papo hapo ikawa jina la watu wanaowafanya wenzao kuwa nyama. Linganisha na majina ya Kibemba yasiyohusu binadamu hai: imipashi, mizimu ya jamaa, ni ya ngeli ya mi-, ifibanda, pepo wabaya, ni ya ngeli inayolingana na vi- vyetu. Upande wa Malawi wanyonya damu huitwa anamapopa, tena kwa kiambishi cha watu. Mwaka 2017, kusini mwa nchi hiyo, uvumi wa anamapopa ulisababisha watu kadhaa kuuawa na makundi ya wananchi, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika baadhi ya maeneo.

Basi mkazi wa Songwe amezungukwa na majina matatu ya kitisho kimoja, yote matatu yakiwa katika ngeli ya watu. Hatudai kwamba ngeli huua. Tunachodai ni kwamba katika eneo hili jina la kitisho linapoingia katika ngeli ya watu, limeshaacha kazi ya ngano na kuanza kazi ya mashtaka.

Popobawa ni jaribio zuri la dai hili. Jina ni la kitu: popo na bawa. Lakini hofu ilipoenea Pemba na Unguja mwaka 1995, masimulizi yalimtaja kama anayekuja, anayetaka, anayesema. Na mwaka huohuo, mjini Zanzibar, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye.

5.0 Wachuna ngozi

Kuna kitisho kimoja ambacho Songwe haikukiazima. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, Mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulijumuisha wilaya za Songwe ya leo, ulikumbwa na mauaji ya watu waliokutwa wamechunwa ngozi. Vyombo vya habari vya ndani na vya nje viliyaripoti. Watu walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Ilisemekana kwamba ngozi hizo zilivushwa mpaka kwa matumizi ya kichawi. Hii haikuwa ngano. Waliokufa walikuwa na majina na familia.

Jina walilopewa wauaji ni wachuna ngozi. Ni jina la kazi halali: machinjioni, mchuna ngozi ni fundi, na akiitoboa ngozi huharibu bei. Hakuna ndani yake zimwi, wala jini, wala neno geni kutoka Uajemi. Ni kitenzi cha kila siku na kiambishi cha mtu. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo ya 1990 majarida ya vichekesho na lugha ya mitaani yalikichezea kitenzi hicho katika msemo kuchuna buzi, yaani mwanamke kumla fedha mwanamume aliyependa kwa upofu. Anayechunwa hapo ametolewa katika A-WA na kuwekwa katika LI-YA. Si mbuzi hata, bali buzi. Watu walicheka. Mahali pengine nchini walikutwa waliochunwa kweli.

Kisa cha buzi kinatuongoza kwenye upande wa pili wa suala hili, nao ndio unaotufanya tusiridhike na kanuni nyepesi. Tangu kadiri ya mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Tanzania. Jina walilokuwa wakiitwa kwa mazoea, zeruzeru na mazeruzeru, lina umbo la LI-YA, na imani kwamba hawafi bali hutoweka iliwaweka karibu na viumbe vya hadithi. Wenyewe na vyama vyao walilikataa jina hilo, wakadai mtu mwenye ualbino. Wapo waliodhani kuwa hayo ni mambo ya adabu tu. Kwa mtazamo wetu yalikuwa madai ya kisarufi yaliyofikiriwa barabara kuliko mengi yanayoandikwa na wanaisimu: neno mtu litangulie, upatanisho ulifuate. Ikiwa kumpeleka dubwana katika ngeli ya watu huzaa mshitakiwa, kumpeleka mtu katika ngeli ya madubwana huzaa windo.

6.0 Mfano wa Ufilipino

Wachoraji wetu si wa kwanza kukutana na tatizo hili. Ufilipino ina mila ndefu ya katuni, na mfululizo uitwao Trese, ulioandikwa na Budjette Tan na kuchorwa na Kajo Baldisimo kuanzia mwaka 2005, kwanza kwa nakala za fotokopi, hadi kufikia filamu za Netflix mwaka 2021, umejengwa wote juu ya viumbe vya simulizi za wenyeji. Ingawa uliandikwa kwa Kiingereza, majina aswang, tikbalang na nuno yameachwa kama yalivyo, bila tafsiri. Kila kiumbe kimepewa anwani mjini Manila: nuno, ambaye kijijini hukaa katika kichuguu, sasa yumo katika shimo la maji machafu; tikbalang, mtu-farasi wa msituni, anashindana mbio katika barabara kuu. Mashabiki wa Kifilipino hufurahia hasa kuyatambua majina ya bibi zao katika mitaa wanayopita kila siku. Ni furaha ileile ya kinyozini Tunduma, ila wao wamepewa chakula chao wenyewe.

Kitagalogi hakina ngeli kama zetu. Lakini kina kijineno si kinachotangulia jina la mtu, na ang kinachotangulia jina la kawaida. Aswang kama aina husimama na ang. Tikbalang akiitwa Maliksi, kama anavyoitwa katika Trese, anapata si. Kila lugha ina mlango wake wa kumwingizia dubwana nyumbani.

Ufilipino pia ina ushahidi wa kutisha kuliko katuni yoyote. Aswang aghalabu ni jirani: mchana mtu, usiku mnyonya damu. Ofisa wa Kimarekani Edward Lansdale ameeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1972 jinsi, wakati wa vita dhidi ya waasi wa Huk mwanzoni mwa miaka ya 1950, uvumi wa aswang ulivyoenezwa makusudi, kisha mwasi mmoja akakamatwa, akatobolewa shingoni, akaning'inizwa hadi damu ikamwishia, na maiti yake ikarudishwa njiani ili wenzake waikute. Serikali zetu za kikoloni zilichagua njia nyingine, ile ya kuipigia marufuku shutuma yenyewe kwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo imeendelea kuwamo katika vitabu vya sheria vya Tanzania.

7.0 Mchoraji wa Songwe

Tuchukulie kwamba kijana wa Vwawa au Tunduma anataka kuchora Trese yake. Hazina anayo. Kilimani Ndolezi, wilayani Mbozi, kimelala kimondo cha tani zipatazo 16. Kwa imani ya Pwani vimondo ni silaha wanazopigwa nazo mashetani wanaonyemelea siri za mbinguni. Nani, au nini, kilipigwa kwa hiki cha Mbozi? Kiambishi cha swali hilo tayari ni hadithi, na jibu lolote atakalolichora halitamdhuru mtu. Mazimwi vilevile anaweza kuyatumia atakavyo, mradi ayaache katika LI-YA yao. Abasyuka tungemshauri awarudishie wingi wao na ukoo wao. Watatisha zaidi wakiwa babu zake mhusika kuliko wakiwa na meno ya kukodi.

Ugumu uko kwa wachuna ngozi. Akiwachora kama madubwana yenye kucha, yaani akiwahamisha kwenda LI-YA, atakuwa amewasamehe: mnunuzi, msafirishaji na mganga watatoweka nyuma ya pembe na mkia. Akiwachora kama mgeni mweusi wa usiku asiye na jina, ameandika hati ya mashtaka isiyo na mshitakiwa, na msomaji wa mpakani, ambaye kila siku huona wageni mia wakishuka kwenye malori, atajaza nafasi hiyo mwenyewe.

Njia ya tatu iliwahi kuonyeshwa katika fasihi yetu zamani. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, Mohamed Said Abdulla alimpa Bwana Msa mauaji yaliyofunikwa na jina la mzimu. Bwana Msa hakubishana na imani za watu. Alitafuta ni nani anayefaidika watu wakisema mzimu. Ni mpelelezi anayesafiri kinyume cha mumiani, akiutoa uhalifu katika ngeli ya mizimu na kuurudisha katika A-WA, kwa jina moja mahususi na kwa ushahidi. Wahakiki wamezoea kumlaumu kwa kuwaiga wapelelezi wa Kiingereza, na kwa riwaya hii lawama hiyo imezidishwa.

Kwa katuni, hilo lina maana ya kazi ya mikono kabisa. Mchoraji atalazimika kuamua, kiputo kwa kiputo, ni lini mhusika wake aseme linakuja na ni lini aseme anakuja, na katika picha gani uso uonekane. Atalazimika pia kumchora aliyechunwa kabla hajachunwa, mtu mwenye jina anayenunua vocha stendi, apatane na A- katika kila kiputo anachotajwa, hata baada ya kufa, pale ambapo mazoea ya lugha yangeruhusu aitwe mwili, nao, ulikutwa.